Honorabule wa Matanga

Jina lake sitalitaja. Bado anaishi, anasikia vizuri, na kati ya nyumba yake na yangu kuna ukuta wa udongo ambao mvua zimeshaula nusu. Nikikohoa upande wangu, anasema pole upande wake. Kwa hiyo nitamwita tu kama sisi wote wa Songo, mtaa wetu hapa Uvira, tunavyomwita, Honorabule, yaani mheshimiwa, hata sasa ambapo hana tena haki ya kuitwa hivyo. Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, muulizeni mwingine. Miye nitasema niliyoyaona, na machache niliyoyasikia kwa wanawake wenzangu wauza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ambao hawadanganyi sana isipokuwa kwenye bei.

Kitu cha kwanza mukijue ni kiti. Kiti cha plastiki cha buluu, chenye mikono, cha aina ile inayojaa makanisani. Alipochaguliwa kuwa depite, mbunge wa provensi, wenzake walinunua suti na viatu vya kulia njiani. Yeye alinunua kiti. Alikifunga nyuma ya pikipiki, baadaye juu ya jipu, na popote palipokuwa na matanga, Makobola kando ya ziwa, kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, au juu kabisa Lemera ambako jipu linaachwa chini na watu wanapanda kwa miguu, alifika na kiti chake. Lemera alipanda nacho kichwani. Depite, kiti kichwani! Wanawake waliotoka shambani walimpisha njia wakifikiri ni mchuuzi.

Niwaeleze sababu, maana yeye mwenyewe hakuisema mbele za watu. Kwetu mtu akifa, tunafunga shitingi, turubai la kivuli, uwanjani, tunaazima viti kanisani na kwa majirani, na viti havitoshi hata siku moja. Sasa akitokea mkubwa, mwenye cheo, jamaa wanakimbia kumtafutia nafasi, na ili mkubwa akae lazima mdogo ainuke. Aliniambia kwamba siku ya kuzikwa mume wa shangazi yake, lilikuja jitu moja la serikali na miwani nyeusi, na vijana wakamwinua nani? Shangazi. Mjane mwenyewe, siku ya msiba wake. Akasimama amejishika kwenye nguzo ya shitingi mpaka yule mtu alipomaliza hotuba.

“Siku ile nilisema, Mama Furaha,” aliniambia, “miye sitainua muntu.”

Mama Furaha ndiye miye. Furaha mwenyewe yuko Kalemie, ana mume na kelele nyingi kwenye simu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Basi alifika hivi. Kwanza alizunguka nyuma kwa wapishi, kwenye moshi, akawasalimu mmoja mmoja. Alisema wapishi ndio wanaojua kama msiba una watu au una kelele tu. Halafu aliweka kiti chake nyuma kabisa, karibu na mitungi ya maji, na kukaa. Wakimletea mikro aliisukuma na kiganja. “Sikuje kusema. Nimekuja kukaa.” Na kweli alikaa. Wanasiasa wengine hufika gari likiwa linanguruma, wanapigwa picha wakiwa na uso wa huzuni, wanaondoka. Yeye alikaa mpaka kivuli cha shitingi kikahama upande, akala sombe na bugali kama wote, akanawa, akafunga kiti chake, akaenda. Miye nilimpigia kura kwa sababu hiyo. Sikujua chama chake kilikuwa na rangi gani.

Tabia hii aliianza kabla ya siasa. Alikuwa muuza mbao pale barabarani, mbao za Lemera, na mtu akifiwa alikwenda kwake kutafuta za sanduku. Yeye hakuwa na roho ya kuuza mbao zile na kubaki nyumbani. Alizisindikiza. Mwisho alijua kila parseli, kila kiwanja cha Uvira, kwa mtu aliyetolewa humo amelala sandukuni. Alipochaguliwa alifunga biashara ile, akasema depite hawezi kuomba watu kura na kuwauzia masanduku siku hiyo hiyo. Mkewe, mwalimu, mwanamke mnyoofu ambaye mate yake hayapotei bure, alisema: “Na sasa tutakula nini, viti?”

Ubaya wa tabia hii ni kwamba avenu nzima ilimwogopa. Akitoka langoni na kiti, motari wa pikipiki wanapunguza mwendo na kuuliza: “Honorabule, nani amekufa?” Alikuwa jirani yetu lakini hakuwa na nafasi ya kututembelea sisi tulio hai, kwa hiyo ukimwona anageukia kwako, unaanza kutaja watoto wako mmoja mmoja. Siku moja alikuwa anakwenda ziwani kukiosha kiti, kimejaa matope ya Makobola. Akakunja kona kumsalimu mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amelazwa hospitalini huko mlimani. Yule mama aliona kiti kabla ya kuona mtu. Alijitupa chini. “Yooo, bwana wangu!” Tukakimbia wote, miye nimeacha ndagala juani na kunguru wakafanya sherehe. Honorabule anasema hapana, hapana, naenda kuosha kiti, nani amsikie? Saa tisa mgonjwa akashuka kwenye pikipiki, amepona, akakuta watu wamejaa uwanjani kwake na sufuria jikoni. Akauliza kuna arusi ya nani. Walipomweleza, akakaa, akasema basi leteni chakula, matanga yangu siwezi kuikosa.

Alikuwa pia mtu wa mambo yasiyopatana. Aliishi kando ya ziwa na aliogopa maji kuliko paka. Makobola alikwenda kwa barabara yenye mashimo ya kumeza ng'ombe, wakati mtumbwi ungemfikisha ametulia. Alikuwa Mprotestanti wa kuimba sauti ya tatu, lakini kwa Wakatoliki wa bondeni alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, “kwa heshima ya marehemu”, na marehemu wa bondeni walikuwa na heshima nyingi. Kirundi alikijua vizuri, alifundishwa na mama mkwe wake, na wakulima wa kule walimpenda kwa hilo. Kifuliiru alikiweka kwa ajili ya hasira. Ukimsikia upande wa pili wa ukuta amebadilisha lugha, ujue mtu ameharibu kitu. Na huyu bwana aliyeweza kukaa juu ya plastiki toka asubuhi mpaka jioni bila kuhama, ukimweka kwenye kile kiti chake laini cha asambele, bunge la provensi, kule Bukavu analala. Jirani wa pili kwangu alimwona kwenye televizyo, kidevu kifuani. Nilimuuliza. Akasema: “Mama Furaha, kule wanasema tu, hakuna muntu anakaa.”

Sasa nifike kwenye kilalo, daraja letu, maana bila kilalo mutasema namsifu jirani ili anijengee ukuta.

Songo yetu imekatwa na korongo. Kiangazi ni njia ya mbuzi. Masika maji yanashuka kutoka milimani na mawe, na hakuna wa kuvuka. Watoto wa ng'ambo hawaendi shule, na sisi wanawake wa ndagala tunazunguka kwa barabara kubwa na mabeseni kichwani mpaka samaki wanaanza kutusema kwa harufu. Honorabule hakupenda kuahidi. Wakati wa kampanye wengine waliahidi lami, umeme, mmoja aliahidi uwanja wa ndege. Yeye aliahidi kitu kimoja: kilalo cha simenti juu ya korongo lile. Aliahidi mara moja tu, amesimama kwenye ukingo na viatu mkononi, na kwa sababu aliahidi kimoja sisi tulikishika.

Tulingoja. Mandati, muda wake wa ubunge, ikaanza, ikafika katikati, ikaanza kuzeeka. Tukasikia kwamba Bukavu wamekaa kugawa vilalo vya provensi, na kimepatikana hapa, kimepatikana pale, Songo hakuna. Kwa nini? Hakusema. Akiulizwa anasema, “Kosa ni yangu,” na anafunga mdomo. Tukaanza kumkasirikia. Watoto wakatunga wimbo kuhusu kiti kinachovuka korongo peke yake. Papa Shefu, mkuu wa avenu yetu, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alisema kila Jumapili baada ya ibada: “Depite wa wafu! Siye tulio hai tunavuka na nini?”

Kura zikaja tena, akaanguka. Hakuanguka kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na niwaambie kwa nini. Hapa kwetu depite aliyeanguka haonekani tena. Wote waliomtangulia walifanya hivyo: anapanda gari kwenda Bukavu au Kinshasa, nyumba inapangishwa, na baada ya muda watu wanasema jina lake kama la mtu aliyefariki. Anaona haya, na sisi tunaona haya kumtazama. Nikasikia upande wa pili wa ukuta masanduku yanaburutwa. Mke ana dada yake Bukavu. Nikamuuliza juu ya ukuta: “Mama mwalimu, munahama?” Akajibu: “Yeye hasemi ndiyo, hasemi hapana. Miye nafunga tu.” Miye ni mjane, watoto wangu wametawanyika. Nani atasema pole nikikohoa? Nilikasirikia kilalo, lakini sikutaka mtu aende.

Asubuhi moja naamka naona shitingi imefungwa kwenye uwanja wake. Viti vya kanisa. Moto nyuma ya nyumba. Nikavaa kitenge juu ya kingine, nikatoka mbio. Langoni watu wameshajaa, wengine wameshika kichwa.

“Nani amekufa?”

Honorabule amekaa mbele kabisa, si nyuma, mahali wanapokaa wafiwa, ndevu hajanyoa. Akasema: “Mandati.”

“Nini?”

“Mandati yangu imekufa. Nimekaa kwenu zote. Basi na nyinyi mukuje mukae kwa yangu.”

Wengine walicheka, wengine walisema kichwa kimeharibika. Lakini shitingi ni shitingi. Ikishafungwa kwetu huwezi kuipita, mguu wenyewe unakataa. Tukakaa. Siku ya kwanza tulikuwa wachache. Zilizofuata walishuka watu wa Lemera na muhogo, wakapanda wa Makobola na mikeke, wakaja wa bondeni na mitungi ya kasiksi, na miye nikawa nyuma kwenye sufuria, kwa hiyo naweza kuwahakikishia, msiba ule ulikuwa na watu.

Siku ya kutoa matanga, kwetu jamaa na majirani wanasimama kumsema marehemu, halafu vitu vyake vinagawanywa. Walisimama wakasifu mandati kama tunavyosifu maiti wote: ilikuwa pole, ilikuwa na heshima, haikugombana na mtu. Honorabule akainua mkono.

“Huyu maiti hana mama wa kuumia. Museme ukweli. Bibi yangu amefunga masanduku. Mukisema niende, tunaenda kesho. Mukisema nikae, ninakaa. Lakini sitakaa mahali watu wananisengenya kwa mugongo.”

Nikasikia mafuta yakilia kwenye sufuria yangu. Papa Shefu akasimama, akavuta shati.

“Basi miye nitasema. Honorabule, ulikuwa muntu muzuri. Lakini ulisema kilalo. Kilalo iko wapi?”

“Iko kwa wengine.”

“Sababu gani iko kwa wengine?”

“Siku walipiga kura ya vilalo, miye sikukuwa Bukavu. Kiti yangu ya kule ilikuwa tupu. Songo ilikosa kwa kura moja.”

Watu wakaguna vibaya, guno la kutoka tumboni. Papa Shefu akageuka akatutazama wote kama mtu aliyeshinda kesi. “Munasikia? Munasikia? Na ulikuwa wapi, Honorabule? Siku ya watu wako kuvuka, weye ulikuwa wapi?”

Honorabule aliangalia mikono yake. Mkewe ndiye aliyesimama, mwalimu, amechoka na yale masanduku, akasema kwa sauti ya darasani:

“Alikuwa Lemera. Kwa matanga ya mama yako.”

Papa Shefu akavuta tena shati. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, ile ya kimo chake:

“Sasa, si ungetuma tu salamu?”

Na hapo mwanamke mmoja wa Lemera, binamu yake mwenyewe, akapiga makofi. “Salamu! Weye! Weye uliyesimama mulangoni siku ile ukitaja kila muntu hakufika! Shemeji yako hukumusemesha mpaka leo!”

“Ni kweli,” akasema shemeji, kutoka nyuma.

Shitingi nzima ikapasuka. Tulicheka mpaka wazee wakafuta macho, na Papa Shefu akacheka baada yetu, kichwa chini, mabega yanaruka. Lakini katika kicheko kile nadhani kila mtu alikuwa anahesabu maiti wake mwenyewe. Miye niliwaza mume wangu. Honorabule alikaa pale kwangu mpaka mwisho, na sikumuuliza siku ile ameacha kazi gani Bukavu. Tungemsamehe kama angekosa kuja? Hata kidogo. Tulimchagua kwa sababu ya kukaa, na alipokaa tukamwangusha kwa sababu hakusimama mahali pengine. Miye si mtu wa shule, nilifika la tatu primeri na mlango ukafungwa, lakini hili niliona ni letu wote.

Papa Shefu alipopata pumzi akasema: “Mama yangu ameacha mikaratusi kule Lemera, mirefu. Ilikuwa ya kujenga nyumba yake. Hatajenga tena.” Kisha akakaa, na sote tukaelewa kwamba anatoa magogo ya kilalo.

Honorabule akasema: “Mbao ninajua kwenye zinapatikana.”

Basi ndivyo kilalo chetu kilivyotoka. Hakina simenti. Tulishazoea kungoja simenti ya Leta, ya serikali, mpaka tukasahau kwamba milima imejaa miti. Magogo ya mama wa Papa Shefu, mbao za Honorabule, salongo, kazi ya pamoja, ya avenu nzima. Kinalia ukikikanyaga na masika kinatutia wasiwasi, lakini beseni langu linavuka na ndagala zangu zinanyamaza.

Lakini nimeruka kugawa vitu. Marehemu hakuacha mengi. Jipu lilikuwa la Leta, lilisharudi. Ile alama ya depite ya kuchomeka kwenye koti alimpa mkewe, ambaye alisema ataibandika kwenye mfuko wa chaki. Kikabaki kiti. Watu wakanong'ona, wakaniita miye mjane wa karibu nitoke jikoni niamue. Nilikishika kile kiti cha buluu, mguu mmoja umeshaungwa kwa waya, nikakipeleka nikakichomeka katikati ya viti vya kanisa.

“Hii sasa ni ya avenu,” nikasema. “Muntu akifiwa, inakwenda na zingine. Na weye, Honorabule, siku ingine utakaa kwenye utapata nafasi, kama siye wote. Ukikosa, utasimama.”

Mke wake aliinuka, akaingia ndani. Nikafikiri nimeharibu. Kesho yake nikasikia masanduku yanaburutwa tena, nikachungulia juu ya ukuta. Alikuwa anatoa nguo, anazianika.

Siku hizi Honorabule yuko kwenye mbao zake barabarani. Amenenepa kidogo. Ziwa limekula mchanga tuliokuwa tunaanikia samaki, limefika karibu na mbao, naye amezihamisha juu huku akilitukana kwa Kifuliiru. Wanaotafuta kura wanaanza kupita kwake kumwomba ushauri; anawaambia wanunue viti, wanafikiri ni mzaha.

Sasa juzi. Nilikuwa nyumbani, mguu wangu umevimba, mchana mweupe, nachambua mchele mlangoni. Namwona anatoka kwake, anakunja kona, anakuja kwangu. Mikono mitupu, kiti kilikuwa kimekwenda kwenye matanga ya ng'ambo ya korongo. Lakini mazoea ni mazoea, hayasahau. Nikawaza Furaha, nikawaza wote. Nikaacha mchele.

“Honorabule. Nani amekufa?”

Alisimama pale kwenye jua kama mtu ambaye hakutegemea swali. Akatazama huku na huku akitafuta pa kukaa, hakuna. Stuli yangu moja nilikuwa nimewekea mguu. Akageuza beseni langu la ndagala juu chini, akalipangusa, akalikalia. Lilinuka.

“Hakuna muntu amekufa, Mama Furaha,” akasema. “Nimekuja tu.”

Nikaendelea kuchambua mchele. Naye akakaa.